Ukiikata Kauri Mgongo

Kazi yangu ni kushona kauri, maganda ya konokono wa baharini, kwenye mikoba ya ukili na mikanda ya ngozi, na kauri haishonwi mpaka ikatwe mgongo. Ukiishona nzima inabingirika, haitulii mahali, na uzi hauna pa kupita. Ukishaukata mgongo unabaki na upande wa chini tu, ule wenye mpasuo na meno. Unalala bapa juu ya ukili, mwepesi, na sindano inapita bila ugomvi. Wateja wanaufahamu upande huo. Ule unaotupwa ndio ninaoujua mimi, maana nimeushika vidoleni kuliko nilivyowahi kushika kitu kingine chochote, ukiacha simu.

Kauri zangu ni zile ndogo zenye pete ya rangi ya dhahabu mgongoni, urefu wake sentimita mbili au zaidi kidogo. Vitabu vya sayansi vinamwita konokono huyu Monetaria annulus. Mswidi Carl Linnaeus ndiye aliyempa jina hilo la annulus mwaka 1758, na katika kitabu hichohicho akamtaja ndugu yake wa manjano mwenye vinundu pembeni, moneta. Huyo wa manjano naye yupo huku Unguja, ila wa pete ndiye aliyejaa. Maji yakipwa sana wakati wa bamvua, kwenye miamba ya huku kusini kwetu Makunduchi, unawakuta chini ya mawe, kwenye nyasi bahari, wengine wametulia tu ndani ya vidimbwi wakisubiri maji yarudi.

Wapo mafundi wanaotoa mgongo kwa nyundo. Mimi siiwezi nyundo; kauri nyingi zinapasuka mpaka kwenye meno na hapo hazina kazi tena. Nasugua juu ya jiwe la kunolea lililolowa maji, na maji hayo ni lazima, vinginevyo vumbi lote linaishia kifuani. Ukisugua taratibu, kitu cha kwanza kuondoka ni mng'ao. Chini yake linatokeza tabaka la zambarau, na hili mtu asiyewahi kuikwangua kauri halijui. Ndiyo maana kauri za ufukweni, zilizosuguliwa na mchanga na mawimbi, mara nyingi zina mgongo wa zambarau uliofifia. Watalii wanazipenda, wanauliza hii ni aina gani. Ni hiihii, imechunika.

Endelea kusugua. Linatokea tundu dogo katikati ya mgongo, linapanuka, linapanuka, halafu likiikaribia pete, jiwe linakuwa zito ghafla. Ndani ya pete ganda ni jembamba. Nje ya pete, kuelekea pembeni na tumboni, limejazwa nene. Kwa hiyo pete hiyo, ambayo wewe unaiona pambo, kwangu ndio mstari wa kazi. Nikifika hapo naacha. Na ndiyo sababu kauri karibu zote unazoziona zimeshonwa kwenye mikoba hazina pete: pete imekwenda na mgongo.

Swali la kwa nini ganda liwe jembamba hapa na nene pale lilinisumbua mpaka nikamkamata mtoto wa kaka yangu, anayesomea mambo ya bahari. Alikuja siku moja na kioo cha kukuzia, akakaa kwenye mkeka, akaanza kuzipanga kauri zangu kama mwenye duka.

"Shangazi, unajua huyu anajenga nyumba kwa nje?"

"Nani hajengi nyumba kwa nje, mwanangu?"

"Konokono wengine wote."

Alizidisha chumvi kidogo, si wote, lakini maana yake ilikuwa sahihi. Konokono wa bustanini hujenga kwenye ukingo wa mlango wake. Akikua anaongeza kipande ukingoni, ganda linazunguka huku likipanuka, na ukimtazama unaiona mizunguko yote tangu utoto wake. Mgongo wake haugusi tena, ukichakaa umechakaa. Kauri hakubali hivyo. Ana joho la nyama, jembamba, linalotoka kwenye ule mpasuo wa chini kwa pande mbili, likapanda ubavuni kulia na kushoto mpaka pande hizo zikutane juu mgongoni. Akiwa ametulia na anatembea kwa raha zake, ganda lote limefunikwa na nyama. Joho hilo ndilo linalotema madini na kuyapaka juu ya ganda, tabaka baada ya tabaka, kutoka nje. Mng'ao tunaousifia ni kazi ya joho, na linauhifadhi pia: mwani, chaza wadogo na vijidudu vinavyoganda juu ya maganda ya konokono wengine havipati nafasi ya kushika hapa, kwa sababu joho linapita juu yake kila wakati.

Nilikwenda kumwangalia akiwa hai, usiku, kwa tochi, kwa sababu hapo ndipo anatembea zaidi. Kwenye kidimbwi, maji ya kufika kifundoni, alikuwepo mmoja juu ya jiwe. Usingemjua. Hakuna kauri, hakuna pete. Kuna kidonge cha nyama ya kijivu chenye mawaa meusi na vinyama vidogo vimesimama juu yake, vingine vina matawi. Ukimwona unafikiri ni kipande cha mwani kimenasa. Nikamgusa kwa ncha ya kijiti. Joho likaanza kurudi chini pande zote mbili, polepole, si kwa kushtuka, na nyuma yake ganda likatokeza likiwa limelowa, linang'aa, na pete yake kamili. Nikaondoa kijiti, nikazima tochi, nikahesabu kidogo, nikaiwasha tena: pande za joho zilikuwa zimeshaanza kupanda.

Watu wanaopaka kauri vanishi au rangi ya kucha ili "ing'ae zaidi" nawaambia wazi kuwa wanaitukana. Vanishi inageuka njano baada ya muda na kubanduka. Hii iliyopo imepakwa na mwenyewe kwa ufundi wake wote.

Sasa tuuangalie huo mpasuo. Sote tunauita mdomo, na meno tunayaita meno. Mganga anayepiga ramli kwa kauri huangalia ngapi zimelala mdomo juu na ngapi mdomo chini. Kwa mwili wa konokono, hapo si mdomoni. Ni mlangoni. Mguu unatokea hapo, kichwa kinatokea hapo, joho linatokea hapo, na akitishwa vyote vinarudi ndani kupitia hapohapo, kwenye upenyo ambao uzi wangu mnene unapita kwa shida. Hana mifupa. Ana misuli na damu, na anapojivuta, damu inahama kutoka mguuni kwenda ndani na mguu unanywea. Msuli mmoja wenye nguvu umemshikiza kwenye nguzo ya katikati ya ganda. Huo ndio unaomvuta, na huo ndio unaokushinda unapojaribu kumtoa nyama akiwa mbichi.

Konokono wengi wa baharini wana kifuniko kigumu nyuma ya mguu: wakiingia ndani, wanafunga mlango. Kauri aliyekomaa hana. Alichonacho badala yake ni mlango mwembamba wenye meno pande zote mbili, ambao kaa akitia gando lake halimfikishi popote. Kaa anayeiweza kauri ni yule mwenye nguvu za kuvunja ganda lenyewe, na pale penye unene anachoka. Pweza ana njia nyingine. Anatoboa. Mara chache nakuta kwenye mzigo kauri yenye kijitundu kidogo nadhifu. Pweza amekichimba, akaingiza sumu yake humo, nyama ikalegea, akala. Wachokoa pweza wa kwetu wanalijua hilo kwa njia yao: wakiona maganda matupu yamerundikana mbele ya shimo la mwamba, wanajua mwenye nyumba yumo.

Ukiishika kauri na kutaka kujua mbele ni wapi, angalia ncha mbili za ganda. Upande ulio mwembamba ndio mbele, kichwa kinatokea huko. Upande mpana ni nyuma. Kila ncha ina kijimfereji. Kwenye mfereji wa mbele hutoka mrija mfupi wa nyama, ambao ni sehemu ya joho iliyojikunja, na mrija huo ndio unaovuta maji ndani. Maji yanapoingia yanapita kwanza juu ya kiungo cha kunusia, kilichogawanyika matawi matatu, kisha kwenye matamvua ambayo hupumulia, halafu yanatoka kwa mfereji wa nyuma pamoja na uchafu. Matamvua yenyewe ni safu moja tu, upande wa kushoto. Damu inayopita humo inabeba hewa kwa shaba, si kwa chuma kama yetu, kwa hiyo ikishapata hewa ina ubuluu na ikiishiwa haina rangi.

Kichwa ni kidogo kuliko unavyotarajia. Kina pembe mbili laini za kupapasia, na macho hayako kwenye ncha za pembe kama ya konokono wa bustanini. Yako chini, pale pembe zinapoanzia, upande wa nje, madoa mawili meusi. Katikati kuna pua fupi nene, na kwenye ncha ya pua hiyo ndipo ulipo mdomo wa kweli. Ndani yake mna meno ya kweli: utepe mwembamba uitwao radula, wenye safu nyingi, kila safu meno saba. Anautoa, anaukwangua juu ya jiwe, anaurudisha na mwani aliougema. Meno ya mbele yakichakaa yanadondoka, na nyuma mpya yanaendelea kutengenezwa. Nilipoambiwa hivyo niliutazama msasa wangu nikaona wivu.

Turudi kwenye gunia. Gunia likitoka kwa waokotaji wapya hukosi kukuta humo vitu vyepesi, vya kahawia, mlango uko wazi mpana, meno hamna, na upande mmoja kuna kizunguko kidogo kilichochongoka kama cha konokono yeyote. Watu hudhani vimechanganyika kwa bahati mbaya. Ni kauri hizihizi, changa. Mwanzo wa maisha yake kauri hujenga kwa namna ya kawaida, ukingoni, kwa kuzunguka. Halafu anapopevuka mambo yanageuka. Ukingo wa nje unaacha kwenda nje, unakunjika kwa ndani, unausogelea ukingo wa pili mpaka unabaki ule mpasuo. Kingo zote mbili zinaota meno. Joho linaanza kumwaga tabaka juu ya kila kitu, pamoja na kile kizunguko cha utotoni, mpaka kinamezwa. Ukitaka kukitafuta kwenye kauri iliyokomaa, pitisha ukucha kwenye ncha pana, upande wa juu. Kwenye kauri nyingine utagusa kijinundu au kijishimo. Humo ndimo alimozikwa mtoto.

Na kuanzia hapo ganda halirefuki tena. Hata kidogo. Mlango umeshakunjwa, hakuna ukingo wa kuongezea. Anachoweza kufanya ni kunenepesha, hasa pembeni na tumboni, na ndipo pete inapotokea, mpakani mwa unene huo na mgongo. Kauri mbili zilizopevuka, moja ndogo na moja kubwa, huwezi kusema kwamba ndogo ni mdogo wake. Yawezekana ndogo ndiyo bibi. Mzee utamjua kwa uzito na kwa meno yaliyojaa, si kwa urefu.

Ukijiuliza mwili unapata wapi nafasi kama nyumba hairefuki, ikate kauri nzima kwa urefu. Mimi nilifanya hivyo kwa msumeno wa kukatia chuma, ule wa uzi mwembamba, nikiwa nimeibana kauri kwenye kipande cha mbao. Ukuta wa nje mnene, mweupe, unameremeta pale ulipokatwa. Katikati nguzo inayozunguka. Na kuta za ndani, zile zilizokuwa kuta za nje alipokuwa mtoto, ni nyembamba kiasi kwamba ukiielekeza dirishani mwanga unapita. Anaziyeyusha mwenyewe kwa ndani apate kupanuka. Madini anayoyavunja ndani, nje anajenga. Sijui fundi mwashi gani angethubutu.

Ule ukingo uliokatwa, ukiuweka chini ya kioo cha kukuzia, unaonyesha vijistari vidogo sana: tabaka moja vimelalia huku, linalofuata vimelalia kule. Ni plaiwudi, basi. Anayejua kwa nini plaiwudi haipasuki kirahisi kama ubao mmoja amelielewa ganda hili. Ufa ukianza kwenye tabaka moja unakuta la pili limekaa kinyume, unapinda, unapoteza nguvu. Madini yenyewe ni kalsiamu kaboneti, ileile ya matumbawe na ya chokaa, hapa ikiwa katika umbo la fuwele liitwalo aragonaiti, pamoja na protini kidogo ya kuishikanisha.

Kwa kuwa ni chokaa, usiioshe kwa ndimu. Narudia hili kila mwezi kwa watu wale wale. Ndimu, siki, hata ule ukwaju wa kusafishia shaba, ni asidi, na asidi ikikutana na ganda linachemka vipovu na kuliwa. Uchafu unatoka, kweli, pamoja na ile ngozi ya juu inayong'aa. Unabaki na kauri safi yenye sura ya chaki. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, mswaki uliochakaa, basi. Ikikauka sana, ipake mafuta ya nazi tone moja kwa kitambaa.

Harufu nayo ina maelezo yake ya mwilini. Mwokotaji akikuletea kauri anakuambia ameshazichemsha, ziko safi, na zikikaa siku mbili kibandani jirani anaanza kuuliza kama kuna panya aliyekufa. Ukichemsha kauri na kuivuta nyama kwa pini, mguu na kichwa vinatoka vizuri. Ila mwili wa konokono haumalizikii hapo. Unaendelea ndani kwa kuzunguka, na kwenye mzunguko wa mwisho kabisa, kule juu, ndiko iliko tezi ya kusagia chakula, ya kahawia iliyokoza, pamoja na viungo vya uzazi. Ni laini mno. Ukivuta, kile kimkia hukatika na kubaki ndani, na kinachobaki ndicho kinachonuka. Kauri niliyokata mgongo haina shida hii kwa sababu naisafisha yote kupitia tundu. Zinazouzwa nzima ndizo matatizo.

Njia ya zamani inashinda kuchemsha. Unafukia kwenye mchanga mkavu, mbali na nyumba na mbali na pua za wakwe, unawaachia sisimizi na muda. Si ya kwetu peke yetu. Ibn Battuta, aliyekaa visiwa vya Maldivi katika karne ya 14, aliandika kwamba huko wanawaokota baharini, wanawaweka kwenye mashimo pwani mpaka nyama ioze na kubaki kile cheupe, ambacho walikibadilisha kwa mchele wa Bengali. Hao walikuwa kauri wa manjano, moneta. Walikuwa fedha.

Kauri yetu ya pete iliingia kwenye biashara kubwa ya fedha baadaye. Kuanzia miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, kampuni za Hertz na O'Swald, walikuwa wakinunua kauri Unguja kwa shehena na kuzipeleka kwa meli hadi pwani ya Afrika Magharibi, Whydah (leo Ouidah, Benin) na Lagos, ambako kauri ndiyo iliyokuwa ikilipia bidhaa sokoni. Kauri ya pete ni kubwa na nzito kuliko ile ya Maldivi, na kwetu ilikuwa rahisi. Wakapata faida nono. Zikamiminwa nyingi mno, thamani ya kauri ikashuka, na waliokuwa wamejiwekea akiba ya kauri majumbani wakaumia. Kule Buganda nako kauri zilitumika kama fedha, zikitungwa kwenye nyuzi, nazo zilifika huko kutoka pwani hii.

Wengi wanaeleza kwamba kauri ilifaa kuwa fedha kwa sababu ni nzuri. Mimi nazishika kila siku, na naona sababu imo kwenye mwili. Konokono anayekua maisha yake yote angekupa sarafu za kila saizi, ndogo, kubwa, kubwa zaidi, na kila soko lingekuwa la kubishana. Huyu anafikia mahali anaacha kurefuka. Anafunga mlango, ananenepesha, mwisho. Ukiwaokota wa pwani moja wanakaribiana, unaweza kuwahesabu, na wakiwa wengi unaweza kuwapima kwa kipimo kama mchele. Hawavunjiki mfukoni. Na si rahisi kuighushi, kwa sababu kiwanda ni lile joho na huwezi kulikodi. Changa haipokelewi, hata mtoto anaiona mlango wake uko wazi.

Kuna jambo moja mteja huwa haniulizi, kwa hiyo namwambia mwenyewe. Kauri yenye mng'ao kamili ilikuwa hai ilipookotwa. Konokono akifa, joho linaoza, na ganda likikaa ufukweni linaanza kufifia. Haliwezi kujipaka tena. Wanaodai mng'ao wa kioo na papo hapo wanataka kuhakikishiwa kwamba hakuna kiumbe aliyeuawa, nawaonyesha kapu la kauri za zambarau. Wengi wanarudi kwenye zinazong'aa. Sawa, lakini wajue.

Na kuna wasichana wawili wanaoniokotea ambao tumewekeana masharti. Changa sichukui, hata bure. Hazina kazi kwangu na bado hazijazaa. La pili ni la mawe. Kauri wana dume na jike. Dume ana uume nyuma ya pembe ya kulia, jike hutaga mayai ndani ya vifuko vidogo vilivyoshikamana kwa pamoja chini ya jiwe, kisha analalia juu yake kwa mguu wake, haondoki. Wakitotolewa hawafanani naye: ni vitoto vya kuonekana kwa hadubini tu, vina ganda la kuzunguka na kifuniko ambacho baadaye watakikosa, wanaogelea kwa mbawa za vinyweleo na kuchukuliwa na mkondo. Ukimbandua mama, mayai yanaliwa na samaki kabla maji hayajajaa. Kwa hiyo ukigeuza jiwe ukamkuta amekaa juu ya kitu cheupe au cha manjano na hataki kusogea, huyo mwache, na jiwe lirudishe kama lilivyokuwa, tumbo chini. Mmoja wao alinijibu, "Shangazi, nikirudisha kila jiwe bamvua itaniishia." Nikampandishia bei kidogo ya kila kauri, tukaelewana.

Mzigo wa mwisho alioleta ulikuwa na changa tatu chini kabisa ya mfuko. Nimezitoa kwenye hesabu.